Bibi Anataka Miguu Yake Yote

Kamera niliinunua kwa mtu aliyekuwa anahama Mbeya, na kabla hajafika aendako mimi nilikuwa nimeshajiona msanii. Nafanya kazi kwenye duka la pembejeo pale Mwanjelwa. Kutwa nzima nauza mbegu za mahindi, dawa za kuku na mabomba ya kupulizia. Mtu wa kazi kama hiyo akishika kitu chenye lenzi, kichwa kinavimba haraka. Nilianza kutembea nayo shingoni hata nikienda kununua nyanya.

Walimu wangu walikuwa wa mtandaoni, vijana wenye sauti laini waliokaa kwenye vyumba vilivyojaa mimea. Walinifundisha kwamba picha nzuri hupigwa asubuhi sana au jioni, jua likiwa la dhahabu. Kwamba mtu asiwekwe katikati. Kwamba nyuma yake pawe na ukungu ili asishindane na vitu vingine. Kwamba nisogee karibu, na nikidhani nimesogea, nisogee tena. Niliyashika yote kama mtoto wa kipaimara anavyoshika mafundisho, yaani kwa kukariri.

Picha zangu za kwanza zilikuwa aibu tupu. Niliipiga kwaya ya kanisani kwetu ikiwa imesimama mlangoni, jua kali likiwa nyuma yao. Kamera iliona majoho meupe na anga, ikaridhika. Nyuso za watu haikushughulika nazo. Kwenye picha yalionekana majoho yamejipanga yanaimba yenyewe. Mwalimu wa kwaya alitazama muda mrefu, kisha akaniuliza kwa upole kama ile mashine inatumia betri. Ndipo nikajifunza somo ambalo vijana wa mimea hawakulisema kwa sababu wao halikuwahusu: kamera ikiachwa ijiamulie, watu weusi kama sisi inatupoteza. Lazima uiambie kwamba mwenye shughuli ni uso, mengine yatajitegemea.

Nilikuwa hapo, kwenye somo la uso, tulipoitwa Kilolo kwenye msiba wa mdogo wake bibi. Bibi ninayemsema ni mama mzaa baba yangu, aliyeishi Kilolo maisha yake yote na aliyeniita mke mwenza, kama bibi yeyote anavyomtania mjukuu wa kike. Marehemu hakuwa na picha. Maisha yote amepanda viazi, ameimba kanisani, amecheka mpaka anakaa chini, lakini picha hana. Wanawe wakachukua ile ya kitambulisho, wakaipeleka Iringa mjini ikakuzwe. Ikakuzwa kweli. Walikuza mpaka macho yakawa mabonge ya rangi, na yule mama mcheshi akatutazama kutoka juu ya jeneza kama mtu aliyekamatwa na ng'ombe wa wenzake.

Nyuma yetu mgeni mmoja wa upande wa mkwe akauliza, kwa sauti aliyodhani ni ndogo, kama huyo pichani ndiye marehemu au ni mtu mwingine. Bibi alisikia. Hakugeuka, lakini nilimwona akikaza kitambaa chake kichwani.

Tulipotoka makaburini alinivuta pembeni, akaitazama kamera iliyoning'inia kifuani kwangu. Hakuwahi kuipenda. Kila nilipomwelekezea alikuwa anainama kufunga kitu ambacho hakijafunguka.

"Mke mwenza," akasema, "hiyo mashine inafanya kazi?"

Nikasema inafanya.

"Basi utanipiga. Mimi siendi na uso wa polisi."

Hakusema kwa huzuni. Alisema kama mtu anayeagiza kiroba cha mbegu kabla msimu haujaanza, maana baadaye duka litajaa. Miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba, na fimbo aliyokuwa anaichukua siku za matope sasa ilikuwa inatoka naye kila siku. Alijua anachokifanya. Kazi niliyopewa ilikuwa moja: siku ile itakapofika, asitokee mtu wa kuuliza huyo pichani ni nani.

Nikachukua likizo, nikapanda Kilolo, nikaiharibu kazi kwa ustadi mkubwa.

Niliyoifanya ni hii. Nilimkuta bibi jikoni, moshi umejaa, mwanga unaingia mlangoni tu na kumpiga upande mmoja wa uso. Nikasahau nilichotumwa. Nikasogea karibu, nikasogea tena, nikapiga makunyanzi, nusu uso gizani, nusu mwangani. Nikaigeuza iwe nyeusi na nyeupe. Nikaitupa mtandaoni, na watu nisiowajua wakamimina mioyo myekundu. Mmoja kutoka nchi ya mbali akaandika kwamba kwenye macho ya mama huyu anaiona Afrika nzima. Nikamtazama bibi vizuri. Machoni mwake mlikuwa na moshi tu.

Nilikwenda kuisafisha Iringa mjini, nikamrudishia nikiwa nimevimba kwa fahari. Aliishika mbali na uso, akaigeuza, akatazama nyuma ya karatasi kama kuna kingine, akaigeuza tena. Akauliza kwa nini nimemleta kabla sijampaka rangi. Nikamweleza habari ya nyeusi na nyeupe. Akauliza nyumba iko wapi. Nikamweleza kwamba nyuma nimeweka ukungu ili yeye aonekane. Akasema nyumba ile ya bati aliijenga kwa kuuza njegere miaka na miaka, babu akiwa ameshafariki, na mimi nimeifuta kwa kidole. Halafu akauliza swali aliloliweka la mwisho kwa sababu ndilo lililomuuma.

"Na miguu yangu umepeleka wapi?"

Nikajaribu kumwambia kwamba picha ya uso haihitaji miguu.

"Mtu asiye na miguu anaonekana ameletwa," akasema. "Mimi hapa nilikuja mwenyewe."

Kisha akaongeza, sasa kwa utani lakini si utani wote, kwamba anaelewa mpango wangu. Nataka aende amechakaa, hana miguu, hana nyumba, ili babu huko aliko amkatae na anisubiri mimi. Picha akaiweka chini ya godoro, isionwe na wageni.

Nilinuna njia nzima kurudi Mbeya. Mimi nimesifiwa na dunia, halafu mwanamke wa Kilolo anadai miguu. Lakini dukani, wateja walipopungua, nilianza kuzikumbuka picha za zamani zilizotundikwa kwenye kuta za watu ninaowafahamu. Zote zilikuwa hivyo. Mtu amesimama wima katikati, mikono imeshuka, hacheki, viatu vyote viwili vinaonekana hadi kisigino, na nyuma yake kuna kitu alichokitolea jasho: nyumba, redio, baiskeli, mtoto. Vijana wa mimea wangezitupa zote. Na hakuna hata moja iliyonifanya niulize huyu ni nani.

Niliporudi Kilolo nilikuwa nimekubali masharti, lakini kiburi hakikuwa kimeisha. Nilimwambia bibi tutaanza asubuhi na mapema kuwahi lile jua la dhahabu. Akavaa sare ya umoja wa wanawake wa kanisani, akajifunga kitambaa cheupe, akakaa kwenye kigoda uani kabla hata kuku hawajashuka. Anayeijua Kilolo ameshaanza kucheka. Ukungu ulikuwa umekaa juu yetu kama blanketi la hospitali. Hata nyumba ya jirani ilikuwa habari ya kusikia. Nikasema tusubiri. Bibi akasubiri, akaomba shuka, akaomba chai, akaomba nimkumbushe tunasubiri nini.

Nikamwambia tunasubiri mwanga.

Akasema jua la mtandaoni huku halifiki, limeishia Mafinga.

Ukungu ulipoondoka, jua lilikuwa limeshapanda utosini, jua lile baya linalomchimba mtu mashimo ya macho na kumwotesha ndevu za kivuli. Nikasema hili halifai. Bibi akajibu kwamba mahindi yake yanaiva kwa jua hilohilo na hayajawahi kulalamika. Akavua viatu, akaingia ndani kulala.

Akiwa amelala ndipo nilipojifunza kupiga picha. Nasema hivyo bila aibu. Nilielewa kwamba yule mama hawezi tena kusimama uani huku mimi nikichezea vitufe. Kusimama kwake bila kushika kitu kulikuwa kwa muda mfupi, na muda huo si wangu wa kufanyia majaribio. Kila kitu lazima kiwe tayari kabla hajaitwa. Nikahitaji mtu wa kusimama badala yake, na nyumbani hapakuwa na mtu. Palikuwa na gunia la mahindi. Nikaliburuta mpaka uani, nikalipandisha juu ya kigoda, nikalifunga kitenge cha bibi kiunoni na kitambaa chake cha zamani kichwani. Kimo kilikaribia. Umbo, Mungu anisamehe, lilikaribia zaidi.

Nikalipiga gunia lile picha nyingi kuliko maharusi. Nililisogeza hatua kwa hatua mpaka bati lote likaonekana nyuma bila kumwota mtu kichwani kama pembe. Macho ya gunia sikuwa nayo, kwa hiyo nikalichorea mawili kwa mkaa, nione kivuli kinakaa wapi. Yalikuwa gizani kabisa. Nikakumbuka viroba vyeupe vya mbolea vilivyokuwa stoo, nikavipasua na kuvitandaza ardhini mbele ya gunia, nje kidogo ya picha. Jua likagonga viroba likarudi juu, na uso wa gunia ukafunguka kama mtu aliyepewa habari njema. Hakuna kijana yeyote aliyenifundisha hilo.

Nikiwa nimeingia stoo kuchukua kiroba kingine, nilisikia mtu akisalimia uani. Alikuwa jirani wa ng'ambo ya mfereji, mama aliyekuwa hasemezani na bibi tangu mbuzi wake alipoingia kwenye maharage yetu. Alisema "Kamwene," akangoja. Akasema tena "Kamwene, dada," kwa sauti laini zaidi. Gunia likanyamaza. Nilipotoka, nilimwona mgongo tu akishuka kwa hasira, na nikaona nisimkimbilie, maana ningeanzia wapi?

Jua lilipoanza kulala upande nikamwamsha bibi. Akajaribu viatu vyake vyeusi vya kanisani. Havikuingia, miguu ilikuwa imejaa. Tukafungua kamba zote, akasukuma, akauma meno, vikaingia. Akatembea kwa fimbo mpaka kwenye alama niliyochora chini, pale gunia lilipokuwa, akaseti mabega, akaninyooshea ile fimbo.

"Shika. Piga kabla sijaanguka."

Pa kuiweka hapakuwepo. Nikaibana kwapani, nikainua kamera, nikapiga. Nikapiga tena. Bibi alisimama wima kama mti wa msonobari, mikono imeshuka, hakucheka, hakupepesa. Halafu akasema "Fimbo," nikakimbia nayo, akaning'inia begani kwangu akihema. Alikuwa mzito na mwepesi kwa wakati mmoja. Niliogopa sana pale, na nilimpenda sana pia, nikamwambia sare yake imekaa vibaya.

Picha niliisafishia Mbeya, kubwa, nikaitilia fremu yenye kioo. Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo mtu wa huku kwetu hapaswi kulifanya. Fremu haikuingia kwenye begi, na kuitia kwenye buti la basi niliogopa kioo. Nikaipakata. Sasa fikiria: dada mmoja, peke yake, kwenye basi la kutoka Mbeya, amekumbatia picha kubwa ya mama mzee aliyevaa sare ya kanisa na asiyecheka. Konda alipunguza muziki bila kuambiwa. Aliyekaa jirani yangu akanipa pole. Nikamwambia yuko hai. Akanishika mkono, akaniambia ni kweli kabisa, kwa Mungu sote tuko hai.

Nilijitahidi. Kila aliyenipa pole nilimweleza, na kila nilivyoeleza ndivyo nilivyoonekana nimechanganyikiwa kwa uchungu. Tulipofika Makambako watu walikuwa wameninunulia ndizi, karanga na soda. Nikakata tamaa, nikaanza kujibu "asante, tumeshapoa," na safari ikawa ya amani.

Iringa nikabadili gari. Ndani ya gari la Kilolo aliingia mama mmoja nisiyemfahamu, akaona fremu, akaweka mikono kichwani, akauliza lini. Nilikuwa nimechoka na nimeshiba karanga za watu. Mdomo ukajibu wenyewe kwamba asante, tumeshapoa. Mama akatoa simu akageukia dirishani. Sikujua kwamba anatoka kijiji cha bibi, mpaka tulipofika.

Uani kwa bibi palikuwa pamejaa. Wanaume walikuwa wameshawasha moto na kupanga mabenchi. Akina mama walikuwa wamejifunga kanga viunoni, wameleta unga, maharage na kuni kama ilivyo desturi. Na katikati, juu ya kigoda, fimbo mapajani, alikaa bibi mwenyewe na sahani ya ugali. Alikuwa ametoka kanisani kwenye mkutano wa akina mama akakuta analiliwa. Waliotaka kuondoka kwa aibu aliwakataza. Akawaambia unga mmeshauleta, pikeni, na kila mmoja aliyekuja na neno la kusema makaburini aliseme hapahapa, yeye akiwa bado na masikio.

Wakasema. Nilikosa mwanzo, lakini niliyoyasikia yalitosha kumlewesha mtu bila ulanzi. Mwisho akasimama yule jirani wa mbuzi. Mzigo mkubwa kuliko yote wa kuni ulikuwa wake. Hakumsifu bibi. Alisema, akilia kwa hasira, kwamba yeye alikuja kusuluhisha, akasalimia mara mbili, akanyamaziwa.

Bibi akanitazama. Nikatazama chini, nikaeleza habari yote.

"Basi dada yangu unisamehe," bibi akamwambia. "Siku hiyo nilikuwa gunia."

Kicheko kilichofuata kilishtua kuku. Nilikuwa na kamera shingoni na sikuinua hata mkono, kwa sababu nilikuwa nimekaa chini nacheka na machozi yananitoka.

Ndipo akaitaka picha yake. Alianza kuitazama kutoka chini. Viatu vilikuwepo, vyote viwili. Akapanda: sare, mikono, kitambaa, nyumba na bati lake lote. Akagundua kwamba ng'ombe aliyejipitishia pembeni nimemkata kichwa. Nikasema ng'ombe hana msiba. Akaendelea kutazama, muda mrefu kuliko nilivyozoea kutazamwa kazi yangu.

"Huyu anaweza kwenda," akasema.

Picha ikatundikwa chumbani, imegeuzwa uso ukutani, maana bibi alisema hataki kutazamana nayo kila siku kama wanaodaiana.

Mvua zilipoanza, nikiwa dukani napima mbegu, baba alinipigia simu. Safari hii watu walichelewa kuja. Kila aliyepigiwa alicheka kwanza, akasema huyo mama hatupati mara ya pili, na ikabidi mchungaji mwenyewe apite nyumba kwa nyumba. Najua bibi angelipenda hilo kuliko wimbo wowote. Mimi nililia mpaka nikaishiwa sauti. Kamera niliiacha Mbeya.

Mjukuu ndiye hubeba picha mbele ya jeneza, kwa hiyo niligeuza ile fremu, nikaifuta vumbi, nikaibeba. Walikuwepo wageni wengi, wengine wa kutoka mbali kabisa, na hakuna aliyeuliza huyo ni nani. Jirani wa mbuzi alitembea karibu nami, akiitazama picha mikononi mwangu. Tulipokaribia kaburi akauliza taratibu fimbo yake iko wapi, mbona hapa hana.

Ukiitazama picha ile kwa makini, nyumba imeinama. Bati limelala kidogo upande wa kulia, na bibi amelala nalo kidogo. Vijana wa mimea wangeliona kosa hilo mara moja, na kwenye simu yangu kuna kitufe cha kulirekebisha. Imeinama kwa sababu nilikuwa nimebana fimbo yake kwapani. Sijainyoosha.